Mama Mifupa apigania mgongo wa mamba wa nchi kavu

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha chini cha jumba la makumbusho, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anaokota kipande kisichozidi ukucha. Anateremsha barakoa, anakigusisha kwenye ncha ya ulimi.

Kinanasa.

"Mfupa," anasema, kisha anakohoa mpaka anashika ukingo wa meza.

Wenzake wanamwita Mama Mifupa. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akibandua jiwe kwenye mifupa ya kale, kwa sindano ya chuma inayotetemeshwa na upepo wa kompresa. Mfupa wa kale una matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, ndiyo maana hushika ulimi. Jiwe huteleza.

Mezani amelala mnyama aliyekufa zaidi ya miaka milioni mia mbili iliyopita. Ni wa ukoo wa mamba, ila aliishi nchi kavu.

"Tazama miguu, mwanangu. Mamba wa leo kaitanua pembeni, anaburuza tumbo. Ya huyu imesimama chini ya mwili, kama ya mbwa. Angekukimbiza huyu, na kukupata angekupata," anamwambia mwandishi.

Fuvu lake ni refu na jembamba, meno yamepinda kama visu, kingo zake zina vijino vya msumeno. Juu ya uti wa mgongo kuna mabamba ya mfupa yaliyolaliana kama vigae vya paa. Yalipaswa kuwa safu mbili. Ya kushoto haipo.

"Niliimaliza mimi," anasema.

Ulikuwa mwaka wake wa kwanza. Alikuwa mfagizi, akahamishiwa chumba hiki kwa sababu ya wepesi wa mkono wake. Mabamba yale membamba aliyaona kama ukoko wa jiwe. Hakuonja hata kipande kimoja.

"Wiki sita nasaga, najisifu. Mtafiti alipokuja akavuta kiti, akakaa. Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Vumbi lilikuwa limeshatupwa. Mnyama kafa zamani zote hizo, mimi nikamuua tena."

Akapewa mifupa mingine. Safu ya kulia ilibaki ndani ya jiwe hadi mwaka jana, aliporudishiwa mnyama wake. Ina mabamba thelathini na moja. Ameshafungua ishirini na mawili.

Bamba moja humchukua siku tatu. Daktari amempa hadi mwisho wa mwezi aachane na vumbi moja kwa moja: siku ishirini za kazi. Picha ya kifua inaonyesha makovu ya vumbi la mawe, na mapafu yamebaki na nusu ya nguvu. Feni ya kuvuta vumbi ilikufa miaka mitatu iliyopita. Wameandika barua nne na kupata jibu moja: subirini. Barakoa ya kuvaliwa siku moja huvaliwa wiki nzima.

"Mama Mifupa, njoo unywe chai!" anaita fundi wa plasta kutoka mlangoni. "Huyo hakimbii tena. Kasubiri miaka yote hiyo, dakika kumi zitamshinda?"

"Yeye anasubiri. Kifua changu ndicho hakisubiri."

Fundi anacheka, halafu anaacha kucheka. Yeye ndiye atakayeunda sehemu zinazokosekana. "Asipomaliza, nitabuni," anasema kwa sauti ya chini. "Chumba hiki hakuna mwingine anayeyajua mabamba haya. Nitabuni, na watu wataamini."

Nyumbani, Mama Mifupa huingia kwa mlango wa nyuma. Huvua nguo za kazi uani, huoga, ndipo humpokea mjukuu wake wa miezi tisa. Siku hizi humpokea akiwa ameketi. Kumbeba akisimama kunamkata pumzi.

"Mamba kafa, Mama, wewe uko hai," binti yake alimwambia wiki iliyopita. "Sasa chagua."

Asubuhi alikuwa mezani tena.

Mahesabu hayampi nafasi: mabamba tisa ni siku ishirini na saba. Ameacha chai, na anaomba Jumamosi afunguliwe mlango. Akifikisha yote, ana ombi moja kwa mkuu wa jumba: upande wa kushoto usijazwe plasta. Uachwe wazi.

"Mjukuu akianza kutembea nitamleta, amevaa nguo safi. Nitamwonyesha kulia, nimwambie huyu alikuwa hivi. Kisha nitamwonyesha kushoto, nimwambie hapa bibi yako alikosea."

Anafuta lenzi ya kukuzia kwa pindo la kanga, anapandisha barakoa ya Jumatatu. Leo ni Alhamisi.

"Atakuja kwa miguu yake," anasema. "Maana mimi kumbeba ngazi zile, sitaweza."

Kompresa inanguruma. Bamba la ishirini na tatu limeanza kutoka.