Kasiano huongoza wageni mahali mto ulipomchukua shemeji yake

Saa mbili asubuhi mtumbwi unagusa mchanga, na Kasiano anaruka wa kwanza. Anapiga mchanga kwa fimbo, anainama kukagua nyayo, ndipo anawaita wageni wake: walimu watano wa Mushasha, Gitega, waliokuja Muyinga kula vakansi, likizo yao ya Julai. Wanataka ndege, viboko na picha.

Kisiwa hiki katikati ya mto Ruvubu huibuka kiangazi tu. Ndio wakati wa vakansi, na ndio wakati mamba hutaga mayai mchangani. Starehe na kifo hapa wamepanga chumba kimoja.

"Papa Kasiano, mi nataka kunawa miguu kidogo tu. Mchanga iko mingi, vraiment," anasema mwalimu Adventina, akielekea majini.

"Rudi, mama! Simama hapo hapo, nitakumwagia."

Anamimina maji kutoka kwenye kidumu alichobeba begani. Wenzake wanamcheka Adventina: mwalimu mzima anaogeshwa kama mtoto! Kasiano hacheki.

Miaka mitatu iliyopita alifanya kazi hii na Fredi, kaka wa mkewe. Wote wawili walilelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako maji yalikuwa ya bomba na foleni. Siku hiyo mgeni mmoja alilalamika kwamba viatu vyake vimejaa mchanga. Fredi, mtu wa heshima kupita kiasi, alivichukua akaenda kuvisuuza mtoni.

"Nilisikia maji yakipasuka mara moja tu," anasema Kasiano. "Nilipogeuka, kiatu kimoja kilikuwa kinaelea."

Mwili haujaonekana mpaka leo.

Watu hudhani anang'ang'ania kazi hii kwa njaa. Njaa ipo, wala haifichi. "Lakini wageni wakitazama korongo, mimi natazama mchanga," anasema. "Mfupa, kifungo, mshipi, chochote kitanitosha."

Chochote cha kuzika, maana huko Itaba mama mkwe wake, Kasilda, amekataa katakata kuanua matanga ya mwanawe. Bado analala chini kama siku ya msiba, na inauma kumwona.

Mwaka huu Kasiano alimwomba akubali mchanga wa kisiwa uzikwe badala ya mwili. 

"Lete," akamjibu. "Lakini uutoe pale aliposimama."

Kasilda hajui kwamba kisiwa cha mchanga hakikai mahali pamoja. Kila masika mto hukivunja na kukijenga kwingine. Pale aliposimama Fredi sasa ni maji ya kifuani.

Mkewe Anisia, aliposikia nyumbani kwao Musinzira kwamba mumewe ataingia majini kuuchota mchanga huo, aliangua kilio. "Nimeshapoteza kaka," alimwambia. "Nawe unataka nikulilie bila kaburi?"

 Lakini Kasiano ameshanunua kamba ya kujifunga kiunoni, na mpiga kasia amekubali kuishika.

"Mwezi wa nane maji hupungua kabisa," anasema, akiwashika wageni mkono kupanda mtumbwini. "Nitaingia mara moja tu. Mama amechoka kulala chini."