Gari la Ikonge Lililogoma Kila Sabato

Sikwenda Ikonge kutembea. Jirani yangu wa Kisumu, karani, alinisomea barua ya mjomba wake, Mzee Nyakundi: gari lake huwaka siku zote isipokuwa Jumamosi, na mafundi watatu wameshindwa. Mkewe, Mama Kemunto, miguu haimbebi tena. Bila gari hafiki kanisani. Sabato saba amebaki nyumbani, na majirani wameanza kunong'ona kwamba Mungu hamtaki. Hapo nikakasirika. Gari linajua Jumamosi tangu lini? Nikafunga spana zangu.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi. Kuanzia Kisii ni vilima juu ya vilima, migomba hadi mlangoni mwa watu, halafu chai tupu. Nyamira nilishukia mvuani, nikamaliza safari kwa miguu, sanduku la spana begani. Nyinyi wa Mombasa mnaolalamikia manyunyu, mvua hamjaiona.

Mchana nilifika. Wakanipa ugali wa wimbi na mboga chungu waiitayo chinsaga, nikala nikaongezwa. Kisha nikawasha gari, likawaka mara moja. Nikasugua plagi, nikasikiliza injini, halina neno. Niliona haya, nasema kweli.

"Ngoja Sabato," Mama Kemunto akaniambia kutoka kitini mwake. "Utaona linavyoninunia."

Ijumaa alasiri nyumba nzima ilikuwa mbioni, maana kwa Wasabato kila kitu humalizwa kabla jua halijatua: chakula kimepikwa, nguo zimepigwa pasi. Mzee akachukua ndoo, akaosha gari. Halafu akainua boneti, akaimwagia injini maji ndoo tatu, akaisugua kwa brashi.

"Mama huyu hapandi kitu kichafu," akaniambia.

Hapo nikashuku jambo. Lakini nilishaaibika mara moja, nikaona bora ninyamaze nihakikishe. Kiburi hicho kilikuwa changu, si cha mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi Mama Kemunto alikuwa mlangoni, gauni jeupe, kilemba kichwani. Mzee akawasha. Gari likakohoa, likazimika. Akajaribu tena, kimya. Mama Kemunto akaanza kufungua kilemba chake.

"Mzee, ni maji," nikasema. "Yameingia kwenye distibyuta, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi. Nipe dakika tano."

"Leo hapa hakuna spana. Hata wewe mgeni."

"Haitaki spana. Ni vibanio viwili, navifungua kwa vidole, kisha napangusa."

Akatikisa kichwa. Mkewe ndiye aliyesema, "Baba Kemunto, ukinipangusa uso asubuhi ya Sabato, hiyo ni kazi?"

 Mzee akatoa kitambaa cha mfukoni, kimepigwa pasi kwa ajili ya kanisa, akanipa. Nikakausha ndani ya kile kikombe, nikafunga. Gari likawaka, na Mama Kemunto akabebwa hadi kiti cha mbele.

Jumapili, nikifunga mizigo, Mzee akauliza maji yalipitia wapi. Ningeweza kusingizia mvua, lakini Ijumaa ingekuja tena na ndoo zake. Nikamweleza.

Akaketi. "Kwa hiyo ni mimi. Sabato saba, mimi mwenyewe nimemfungia mlango."

 Mama Kemunto akamshika mkono.

"Sabato saba ulikataa kwenda kanisani na kuniacha peke yangu," akasema. "Tuliimba wawili hapa nyumbani, na hiyo sauti yako mbaya. Sikuwahi kukuambia, lakini nilizipenda Sabato hizo."

Nilirudi Kisumu siku hiyohiyo. Miaka yote nilikuwa nikifika kwenye gari bovu nauliza kwanza nani ameliharibu, tena kwa ukali. Siku hizi, kabla sijainua boneti, huuliza gari hilo humbeba nani.