Siku Saba za Tenki la Ukata

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Mbinga na cheti cha ufundi ndani ya bahasha na viatu nilivyoving'arisha tangu nyumbani. Msimamizi wa ujenzi, mzee mfupi ambaye hata mkewe alimwita Bwana Msimamizi, alikitazama cheti, akanirudishia, akanipa koleo. Nilichanganya zege hadi jioni. Kesho yake nilishindwa kufunga vifungo vya shati kwa malengelenge. Nawaeleza haya ninyi mafundi sanifu wa leo mnaoanzia kwenye kompyuta, si kwa kuwasema, bali kwa sababu mmeniomba nieleze kazi ilivyokuwa. Ilikuwa hivyo, na ilichosha.

Bwana Msimamizi hakuwa na vipimo vingi. Mchanga aliupima kwa kuusugua viganjani ukiwa mbichi. Viganja vikibaki na tope, lori linageuzwa. Maji ya kuchanganyia aliyaonea uchungu, kwa kuwa zege la majimaji ni rahisi kumwaga lakini likikauka linakuwa dhaifu na lina nyufa. Baada ya kumwaga alitusimamia tulimwagilie, asubuhi, mchana na jioni, na kulifunika kwa nyasi mbichi au magunia yaliyoloweshwa. Vijana wengi walidhani kumwagilia ni kazi ya wasio na kazi. Mimi pia nilidhani hivyo, ingawa nilikuwa na akili ya kutolisema mbele yake.

Saruji wakati huo ilipatikana kwa kibali. Ungeweza kusubiri miezi, kisha ikaja imeshaganda mifukoni, tukaiponda na kuichekecha. Biashara ilipofunguliwa, malori ya wafanyabiashara yakaanza kupanda mpaka Mbinga na mifuko ya kila aina, mingine ikiwa na maandishi ambayo hakuna fundi aliyeweza kuyasoma. Tulichagua kwa picha: wa tembo, wa simba, wa mlima. Tuliozoea kulia kwamba hakuna, sasa tukawa tunalia kwamba hatujui ipi ni ipi.

Ndipo nikahamishiwa kwenye mradi mmoja wa maji ya mserereko, yaani maji yanayoshuka yenyewe kutoka chemchemi ya mlimani. Mkuu wangu alikuwa Mhandisi wa mradi, mtu wa kutoka mkoa wa mbali ambaye baridi ya milima ya Umatengo ilimtesa hadi akawa anavaa koti la sufu chini ya ovaroli. Huyo ndiye aliyetuletea saruji ya kusinyaa kidogo. Alitukalisha akatueleza kwamba zege likikauka husinyaa, kama tope la bwawani jua likiwaka. Lingekuwa huru lisingedhurika, lakini nondo na msingi vimelishika, kwa hiyo hupasuka. Saruji hii mpya, ikishiba maji siku za mwanzo, huvimba kidogo. Ikija kusinyaa baadaye inarudi tu mahali pake, na nyufa zinakuwa chache. Kwa tenki la maji hilo ni jambo kubwa, maana ufa wa ukutani unaweza kuuziba kwa lipu, lakini ufa wa tenki unakunywa maji ya kijiji.

“Lakini isikilizeni vizuri,” alisema. “Siku saba mfululizo isikauke. Mkiinyima maji siku hizo, ni afadhali mngetumia ile ya kawaida.”

Mifuko tuliyopata ilitosha tenki moja. Likapangiwa kijiji kimoja cha huko Ukata, ambacho jina lake nalihifadhi. Wanawake wa pale walikuwa wakishuka bondeni kuchota maji kijitoni na kupanda tena na ndoo kichwani, mara tatu kwa siku, mlima ambao mimi mikono mitupu ulinitoa jasho. Waliposikia habari ya tenki walijitolea msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, bila kusukumwa. Walibeba mchanga, wakagonga kokoto, wakaacha kahawa zikiiva mitini. Aliyewaongoza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, Mama Kinunda, mtu wa maneno machache, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia na kuulizia wanangu wadogo, akiwa tayari na karai kichwani.

Tulimaliza kumwaga zege la tenki siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi lori likaja kunichukua kwenda Lituhi, kando ya ziwa, ambako sakafu ya banda la samaki ilikuwa inasubiri na mafundi hawatoshi. Kwa kawaida ningemwacha kibarua wangu wa kumwagilia, lakini naye nilimchukua. Dereva alikuwa anapiga honi. Nilikuwa nimechoka, nimesimama kazini majuma matatu bila kupumzika, na moyoni nilijidanganya kwamba saruji ya kisasa namna ile ingejitunza yenyewe. Mama Kinunda aliuliza walitunzeje zege lile. Nikamjibu nikiwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye lori, wenzake wakisikia.

“Litunzeni kama kahawa yenu, mama. Msiliache hata kidogo.”

Nilidhani nimesema jambo la busara. Nilikuwa mgeni kwenye kahawa. Nilichojua ni kwamba Wamatengo wanaipenda.

Lituhi nilikaa siku tisa, katikati ya dagaa waitwao usipa walioanikwa, na upepo wa ziwa uliokausha sakafu kabla hatujaisawazisha. Niliporudi Ukata niliwakuta wanawake wameketi kulizunguka tenki kwa zamu, kama walivyokaa tangu nilipoondoka. Nailoni za kuanikia kahawa zilikuwa zimekunjwa vizuri pembeni. Mama Kinunda alinipokea akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

“Fundi, njoo uone,” alisema. “Hata tone moja halijaligusa.”

Walilitunza kama kahawa ya maganda kwenye kichanja. Asubuhi jua likitoka walilifunua lianikwe. Ukungu ukipanda, au manyunyu yakianza, walikimbia kulifunika lisilowane. Umande walioukuta juu yake waliufuta kwa khanga zao. Katika maisha yangu sijaona zege lililopendwa kama lile, na sijaona lililonyimwa maji kama lile. Nyufa zilikuwa zimeshaanza, nyembamba kama unywele kwenye kuta, na mbili za sakafuni zilipitisha ukucha.

Nilisema vizuri, asanteni, nikaenda nyuma ya tenki nikasimama huko peke yangu.

Tulipojaza maji, kesho yake yalikuwa yamebaki nusu. Mhandisi akaja. Alizunguka tenki polepole, mikono mifukoni, kisha akaniuliza mbele ya kamati nzima nani alikuwa anamwagilia. Nikasema wananchi.

“Uliwaelekeza?”

“Niliwaelekeza, mzee.”

Mama Kinunda alikuwa hatua mbili kutoka niliposimama. Alinitazama mara moja, akainamisha macho. Hakusema neno, wala mwanamke yeyote hakusema. Jioni ile nilisaini taarifa kwamba wananchi hawakufuata maelekezo ya kitaalamu. Kijiji kikaondolewa kwenye awamu ya mabomba, vituo vya kuchotea vikapelekwa kwingine. Tenki tulilipaka lipu ya kuzuia maji, lakini halikushika zaidi ya nusu, na kiangazi halikushika kitu. Mama Kinunda akavuliwa uenyekiti kwa uzembe. Wanawake wakarudi kijitoni.

Mimi nikapanda cheo. Nilijenga makalvati njia ya Liparamba, madarasa, zahanati, matenki mengine ambayo hayakuvuja. Kila nilipojenga, nililala karibu na zege kwa siku saba na kulimwagilia kwa mkono wangu, na vijana wakanisifu kwa uangalifu. Niliona aibu kila waliposifu. Siku ya kustaafu walinisomea risala ndefu, wakanipa saa ya ukutani, nikashukuru nikakaa.

Mwaka uliofuata nilipanda Ukata. Mama Kinunda alikuwa kikongwe, ameketi barazani akichambua maharage. Nilimwamkia, nikamweleza yote: kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nilidanganya, kwamba nilikuwa naogopa kufukuzwa. Aliendelea kuchambua hadi nilipomaliza.

“Tulijua, baba. Neno la kahawa ulilisema mbele yetu sote,” alisema. “Jioni ile tulikaa tukajadiliana. Wenzangu walitaka twende kwa Mhandisi. Mimi nikasema, huyu ana watoto wadogo, akifukuzwa watakula nini? Sisi mto tumeuzoea.”

Kazi yote niliyowasimulia hapa, vyeo, makalvati, hata ile risala, nilipewa na wanawake wa Ukata siku ile, nao wakaendelea kushuka bondeni. Wakati naaga, mkwewe alikuwa anapanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani. Nilimpisha njiani.