Siku askari aliposoma mazoezi yangu

Mpaka leo nikipanda gari la Kibabi nashusha kofia hadi machoni, kwa sababu kwenye barabara ile kuna watu ambao bado wananiita Nakupenda. Nilikuwa najifundisha kuandika programu peke yangu kwenye simu, na somo lilikuwa kugeuza maneno: unaandika sentensi, programu inaitoa kinyume, herufi ya mwisho ikiwa ya kwanza. Ningeweza kuandika "habari ya asubuhi" kama watu wenye akili. Mimi nikaandika "Nakupenda sana Furaha" (Furaha wa kwaya, ambaye sikuwahi kumwambia hata hiyo habari ya asubuhi), halafu, kwa kuwa kazi isiyokamilika hunikosesha usingizi, nikaijaribu kwa majina mengine pia, kama kitabu cha masomo hayo kinavyoshauri.

Siku hiyo tulitoka Ngungu kwenda Kibabi juu ya lori, Fuso ya Papa Kakule, mfanyabiashara wa Butembo anayeendesha mwenyewe, Furaha na mama yake wamekaa mbele yangu kwenye magunia ya viazi. Kwenye kizuizi askari akachukua simu yangu, akasoma: "aharuF anas adnepukaN."

"Hii iko luga gani? Unaandikia nani ma-code?"

Wakati ule wa vita, aliyeshikwa na maandishi ya siri hakurudi nyumbani upesi, basi nikalia kama mbuzi, "Chef, iko zoezi tu! Bonyeza hapo, itajigeuza!"

Akabonyeza, akasoma kwa sauti ya gwaride: "Nakupenda sana Furaha."

Furaha akajifunika kitenge usoni. Ningenyamaza hapo, labda leo ningekuwa nimeoa. Lakini askari bado alikuwa amekunja uso, nami nikataka ushahidi uwe kamili: "Bonyeza tena, chef, iko mengine!"

"Nakupenda sana Neema." Akabonyeza tena. "Nakupenda sana Papa Kakule."

"Miye?" Papa Kakule akatoa kichwa dirishani. "Kijana, niko na bibi na watoto!"

Askari alicheka mpaka akashika mlingoti wa kizuizi. "Mupite. Huyu hawezi kuwa mupelelezi, hajui kuficha kitu."

Gari lilipoondoka nikamweleza Furaha kwamba wale wengine walikuwa majaribio tu.

"Na miye, kaka, nilikuwa jaribio ya ngapi?"

"Ya kwanza!" nikajibu kwa fahari.

Mama yake akamhamishia upande wa pili wa magunia.

Siku hizi kwenye programu nageuza majina ya vyakula tu: sombe, maharagi na viazi. Viazi havina mama.