Kisanduku cha Chale

Nimechoka na neno "mradi". Likitajwa kikaoni, miguu inakuwa mizito. Lakini ule wa kompyuta ya kusoma picha za matiti ulipokuja hospitalini kwetu Singida, jamani, nilishangilia kuliko wote. Mimi ni mtaalamu wa mionzi. Kazi yangu ni kupiga picha, si kuzisoma. Daktari bingwa wa kuzisoma hatuna. Tunazituma Dodoma, na huko zinapanga foleni na za mikoa mingine. Mama wa watu anasubiri majibu, uvimbe haumsubiri. Basi serikali ikatoa hela, vijana wa chuo watengeneze programu ya kuzitazama papo hapo. Ikiona pa kutilia shaka inachora duara jekundu, na mgonjwa anaandikiwa rufaa siku hiyohiyo.

Ikaanza kumchorea duara karibu kila mtu. Tuliumiza vichwa mpaka muuguzi tunayefanya naye kazi akagundua ni chale. Huku kwetu wengi tulichanjwa utotoni. Kifua kikikubana tu, bibi anakupeleka kwa mganga. Makovu yanafifia mpaka hayaonekani kwa macho, lakini ule unga wa dawa ambao mganga alisugua kwenye chale unabaki kwenye ngozi, na kwenye picha unatoka chengachenga nyeupe. Programu ikadhani saratani. Vijana wa chuo wakaongeza kisanduku kimoja kwenye kompyuta: "Ana chale?" Ukiweka tiki, programu inazisamehe zile chenga na duara linafutika. Wakaona wamemaliza.

Wamemaliza nini! Nani atakubali? Mlokole anakuuliza unamwonaje. Mwenye baibui anasema astaghafirullah. Wote wakakana, maduara yakaendelea, na mimi nikawa mtu wa kubembeleza wanawake wazima wakiri mambo ya bibi zao. Kutwa nzima. Ukifika nyumbani huna hamu hata ya kusalimiwa.

Ndipo mke wangu akamleta mama yake kutoka Ilongero. Alimfuma anajipapasa uvimbe aliokuwa ameuficha. Sasa, kwetu mtu hakai benchi moja na mama mkwe wake, sembuse mambo hayo. Namwamkia kwa mbali, "Shikamoo mama," naye anaitikia marahaba huku anatazama ukuta. Nikamwachia muuguzi chumba, nikajificha nyuma ya pazia ilipo kompyuta. Lakini picha zote zinakuja kwangu. Na ya kwake ikaja. Niliitazama kwa jicho moja, Mungu anisamehe, na duara jekundu likajichora.

Nikamsikia muuguzi akiuliza, "Mama, una chale?"

"Ninazo."

Haraka hivyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukubali bila kubembelezwa. Muuguzi akaweka tiki, duara likafutika, mke wangu akamshukuru Mungu kwa sauti, mama akaanza kuvaa.

Hapo nikafungua macho yote mawili. Chenga za chale zinakaa juujuu, kwa mistari, pale mganga alipopitisha wembe. Hizi zilikuwa chini kabisa, zimejikusanya pamoja. Mama alikuwa amesikia benchini kwamba mwenye chale haandikiwi rufaa, akaamua kudanganya, na nilijua kwa nini. Baba mkwe alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa akarudi kwenye jeneza, na mama aliapa hatasafiri kufuata matibabu maisha yake yote.

Utamwitaje mama mkwe mwongo? Hakuna lugha yake. Nikapaza sauti kwa mke wangu: "Mwambie mama, chale zinakaa juu. Hizi ziko ndani."

Mke wangu hakuwa na haja ya kurudia, pazia si ukuta. Halafu mama naye akamwambia binti yake: "Mwambie mume wako nimechoka. Aniache nikavune alizeti yangu."

"Mwambie na mimi nimechoka!" Sikukusudia ukali, ulinitoka tu. "Lakini duara nalirudisha. Sitaki kumzika."

Nikaiondoa ile tiki mwenyewe.

Alilia, akanisema sana kwa Kinyaturu, mwisho akaenda Dodoma. Walikuta ni saratani kweli, ila bado changa. Wakamkata ziwa moja. Tangu hapo hata ile salamu ya mbali ikakatika kati yetu.

Juzi, alizeti imeshavunwa, nikamkuta kwenye benchi la nje na majirani zake wa Ilongero, bodaboda zimewashusha. Alikuwa amewaambia kuna kompyuta inayotoa majibu siku hiyohiyo, na kwamba atakayedanganya kuhusu chale atamjua yeye. Wote wakanitazama kwa matumaini. Nilitamani ardhi inimeze.

Hela za mradi zilikuwa zimeisha na mwaka wa fedha. Wageni walikuja na suti zao, wakapiga makofi, wakala pilau, wakaondoka. Vijana wa chuo wamehamia mradi mwingine, na programu ukiifungua siku hizi inakupa ukurasa mweupe. Nikawaambia ukweli: picha tutapiga, ila majibu yatatoka Dodoma, labda baada ya wiki kadhaa, labda miezi.

"Kama ni kusubiri," mmoja akasema akijifunga kitenge, "hata nyumbani tunaweza kusubiri." Wengine wakainuka naye. Sikuwalaumu. Nguvu ya kuwabembeleza sikuwa nayo tena.

Mama mkwe akasimama mbele yao. Akanitazama mimi, kisha akafungua vifungo vya blauzi palepale, mchana kweupe, watu wanapita, akawaonyesha kovu mahali lilipokuwa ziwa.

"Kaeni," akasema.

Wakakaa. Mimi ni mkwe wake, na sikugeuza uso.