Doa Liko kwa Kioo

Kwenye duka la fotokopi mtaani Wandegeya, mlokole mmoja alisema "Bwana asifiwe!" kisha akamsukuma dada mjamzito na kuchukua nafasi yake kwenye foleni. Dada alikuwa ametoa kopi moja ya fomu yake ya ubatizo.

"Mama, basi," dada akamwambia mwenye mashine. "Kama waliookoka ndio hawa, Jumapili sibatizwi."

"Umenena!" nikadakia nyuma yake kwenye foleni.

Mama wa mashine, Mnubi, akainua ile kopi yenye doa jeusi.

"Mimi Mwislamu, binti yangu. Lakini doa hii iko kwa fomu?"

"Hapana."

"Iko kwa kioo yangu. Sasa utachana fomu?"

Akafuta kioo cha mashine. Dada akacheka, akamrudishia mama fomu atoe kopi nyingine.

Mlokole nilimkaripia hadi mlangoni, na sijutii. Ila nikitaka kumhukumu Yesu, sasa namsoma yeye mwenyewe.