Nguruwe wa Esteri Aliyefungiwa Bandani

Tarehe 14 Machi 2023, Esteri Nduwayezu wa Heru Juu alimfungia nguruwe wake mwenye mimba bandani kwa mara ya kwanza. Homa ya nguruwe ilikuwa imeingia kata ya jirani, na kijiji kilikataza nguruwe kuzurura. Zamani nguruwe huyo alizalia kwenye shimo alilojichimbia kando ya mihogo, akalitandika majani makavu. Bandani alivuta nyasi kupitia nafasi za mbao na kuzirundika pembeni. Kila asubuhi Esteri alizifagia, maana kwao mzazi hapokelewi kwenye uchafu.

Nguruwe akazaa juu ya mbao tupu, akawalalia na kuwaua watoto wote isipokuwa wawili.

“Mama Divine, umefagia kitanda cha mzazi!” jirani yake, Loyce, alimwambia Esteri. “Hata wewe ungemlalia mtu.”

“Nilidhani takataka.”

“Basi mfungulie arudi kwenye mihogo.”

“Homa itaondoka na hao wawili.”

Esteri hakulia. Alifukia waliokufa, akanawa mikono, akaenda kupalilia maharage. Alipanga kesho yake akate miti ya kuzungushia uzio nyuma ya banda, na ndani yake amwage nyasi ili nguruwe ajitandikie mwenyewe.